Bidoni Ambayo Shangazi Hakuionja

Mawese yaliyochacha hayahitaji maelezo kwa mtu wa Rumonge, lakini kwa ninyi mliokulia mafuta ya chupa nitasema: yanakwaruza koo, kisha yanaacha mdomoni harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Ukiyaonja mara moja, siku nzima chakula hakina ladha. Shangazi yangu aliyaonja kila siku ya kazi kwa miaka mingi. Alikuwa anatema, anasukutua kwa maji ya ndimu, anakwenda kwenye bidoni inayofuata, yaani dumu jingine. Hakuwahi kuugua tumbo. Aliyeugua ni mimi, na si kwa mafuta.

Nasema mapema kwamba nina hasira. Walimu wenzangu wananishauri niandike kwa utulivu, eti mwanamke mzima anayefundisha Kifaransa hapaswi kuandika kama anayegombania zamu bombani. Watanisamehe. Hili jambo limenitia kinyaa, na nitaliandika hivyo hivyo.

Tulikuwa watu watatu. Wa kwanza ni huyo shangazi, dada mdogo wa baba, anayekaa Kizuka kwenye michikichi. Wa pili alikuwa fundi wa simu, Mwislamu wa mjini Rumonge, mtu wa maneno mengi na mikono mitulivu, mwenye duka dogo karibu na soko. Wa tatu ni mimi. Hatukuwa na ofisi. Tulikuwa na kompyuta moja kuukuu kwenye duka la fundi, namba moja ya simu, na ulimi wa shangazi.

Kuhusu ulimi huo lazima nieleze, maana ndio habari yenyewe. Familia yetu iliporudi kutoka ukimbizini Tanzania, tulikuta michikichi ya babu ina watu wengine. Tukaitwa huku, tukaitwa kule, mwisho tukagawana nusu kwa nusu, na kila upande ukabaki na donge lake moyoni. Waliobaki hawakuwaamini waliorudi, waliorudi hawakuwaamini waliobaki. Hata kwenye ibada watu walikaa mafungu mawili. Lakini pande zote mbili zilimletea shangazi mafuta yao ayaonje kabla ya kuuza. Kisa ni kwamba siku moja, mnunuzi akiwa amesimama pale pale, shangazi alionja mafuta ya kaka yake mwenyewe, yaani baba yangu, akayatema chini na kusema, "Haya ni ya sabuni." Baba hakumsemesha mwezi mzima. Shangazi hakuomba msamaha, na mtaa mzima ukaona. Tangu siku hiyo, akisema mafuta ni mazuri, hakuna aliyeuliza mara ya pili. Mali nyingine hakuwa nayo, mjane yule, zaidi ya nusu ya michikichi na nyumba ya bati. Alikuwa na neno lake, na alilijua thamani yake kuliko sisi sote.

Namna yake ya kuonja ilikuwa hivi. Alikata bua la jani la mpapai, ambalo ndani ni tupu kama mrija, akalizamisha kwenye bidoni mpaka ligonge chini, akaziba tundu la juu kwa kidole gumba, akalitoa. Mafuta ya chini kabisa yalikuwa mle ndani. Mwizi wa mawese huweka uongo wake chini, maana maji hukaa chini na mafuta huelea. Anayeonja ya juu anaonja anachotaka muuzaji. Shangazi aliachia kidole, akamimina kiganjani, akanusa, akasugua, akalamba. Kisha alitoa hukumu moja kati ya tatu: ya kupikia, ya sabuni, au haifai.

Wanunuzi wa Bujumbura na Kabezi walikuwa wanaumia. Walituma oda kwa simu, dereva akawaletea bidoni, wakifungua, robo nzima ni maji. Fundi ndiye aliyepata wazo. Kila bidoni aliyoionja shangazi tuliiandika namba kwa rangi nyeupe, na yeye akasema neno lake kwenye simu. Mnunuzi akitaka kujua, anabipu namba yetu, mashine inampigia, anabonyeza namba ya bidoni, anamsikia shangazi mwenyewe: "Namba mia mbili kumi na nne. Nimeionja mpaka chini. Ya kupikia." Muuzaji anatulipa kidogo kwa kila bidoni. Basi. Huko Bujumbura wakatuita siku moja kwenye ukumbi wenye baridi ya mashine, wakasema sisi ni startapu, eti kampuni changa, wakatupa karatasi yenye muhuri. Fundi aliitundika dukani karibu na aya yake ya Kurani, lakini chini yake kidogo.

Walipenda kutaniana, yeye na shangazi. "Mama, ulimi huo ungekuwa wangu ningeuweka benki," fundi alimwambia.

"Wako? Benki ingeukataa mlangoni," shangazi alijibu. "Umejaa ahadi za simu ambazo hujatengeneza."

Karibu miaka mitatu tulikwenda hivyo. Sikuwahi kusikia mnunuzi hata mmoja akilalamika.

Halafu ikaja Kampuni.

Jina silitaji. Ni ile ya aina ambayo alama yake mtoto anaijua kabla hajajua kuandika lake, na makao yake yako nchi ambazo mawese wanayajua kutoka kwenye karatasi ya biskuti. Redio ilituambia kwamba inaingia kwenye "soko la mazao ya ziwa na milima". Fundi aliniuliza, "Mwalimu, soko hilo si ndilo sisi?" Nikamwambia ndilo. Akacheka, lakini hakutengeneza simu hata moja siku ile.

Kabla ya kuingia, walikuja kututembelea. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote, kwamba walikuja kama wageni. Wangekuja kama wezi tungefunga mlango. Walikuwa bwana mmoja wa ng'ambo mwenye viatu vyeupe pepepe, na dada mmoja wa Bujumbura aliyevaa kitambulisho shingoni, mpole, mwenye kushukuru "murakoze, mama" kila baada ya neno. Walisema wamesikia habari zetu. Walisema wamekuja kujifunza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tunavyosema, wajinga sisi. Shangazi alichinja jogoo, akapika na samaki wa mukeke kwa mawese mapya, ndizi, mboga za lengalenga, akatandika kitambaa cha mezani alichokuja nacho kutoka Tanzania. Bwana wa viatu vyeupe alikula vijiko viwili. Vingine nilimwona kwa macho yangu akivifunga kwenye karatasi laini chini ya meza. Shangazi alipomwonyesha bua la mpapai na kumwomba naye aonje, alilamba kidogo, akakunja uso, akatemea kwenye leso, akaikunja leso na kuitia mfukoni. Sijawahi kuona uchafu kama ule. Sisi tunatema chini, mbele ya watu, jua linakausha na kuku wanamaliza. Yule alitembea siku nzima na mate yake mfukoni, na ndiye aliyekuwa anapaka dawa mikononi kila akitusalimia.

Walikaa siku mbili. Walimrekodi shangazi kwa kinasa sauti chenye manyoya kama paka. Walimfanya aseme hukumu zake tatu mara nyingi, kwa furaha, kwa upole, kwa haraka. Halafu wakamwambia ahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka elfu moja. Mama mzima akakaa kwenye kiti, kitenge kipya begani, anahesabu. Fundi hakuwapo, alikuwa Gitaza kwenye msiba wa mkwewe. Mimi nilikuwapo. Mimi niliyesoma, niliyefundisha watoto wa watu kuuliza *pourquoi*, sikuuliza kwa nini mgeni anayetaka kumbukumbu anahitaji namba elfu moja. Nilimletea shangazi maji ya kunywa.

Mwisho wa siku ya pili walitoa karatasi. Kurasa nne, Kifaransa cha sheria kwa herufi ndogo ndogo.

Hapa lazima mjue desturi yetu. Kwetu jambo halijawa jambo mpaka pawe na kinywaji, na kinywaji hakijawa cha jambo mpaka mtu mzima asimame, akohoe, aseme ni cha nini. Tunaita *ijambo*. Ukiposa, ukinunua shamba, ukipatana na jirani uliyegombana naye, chupa zinafunguliwa na neno linasemwa, na waliosikia ndio mashahidi. Pasipo neno, mmekata kiu tu. Wale wageni walikunywa Fanta zetu na hakuna aliyesimama. Kwa hiyo vichwani mwetu, hata kichwani mwangu mimi mwenye diploma, hapakuwa na mapatano yoyote siku ile. Palikuwa na wageni wanaoaga na karatasi yao ya wageni.

Nikasoma ukurasa wa kwanza. Ulikuwa mtamu: ushirikiano, wanawake, maendeleo. Wa pili nikaupitia juu juu. Dada wa kitambulisho alikuwa amesimama na tabasamu, gari linanguruma, bwana amekwisha kumkabidhi shangazi zawadi, simu mpya ndani ya boksi. Kusoma karatasi ya mgeni mpaka mwisho mbele ya uso wake, tena mkononi una zawadi yake, ni kama kunusa chai uliyopewa kwa jirani. Niliona haya. Nikageuza wa tatu. Nikageuza wa nne.

"Imesema nini?" shangazi aliuliza.

"Wanaomba ruhusa ya kuhifadhi sauti yako, basi."

Alinitazama, akachukua kalamu, akaandika jina lake herufi moja moja.

Haikupita miezi mingi, wakafungua kazi yao pale mjini. Muziki, brosheti za nyama, fulana za bure za rangi ya kijani ya nyongo. Nilihesabu jirani zangu ndani ya fulana zile mpaka nikachoka. Mpango ulikuwa mwepesi: muuzaji anapiga picha ya mafuta yake kwa simu, mashine ya Kampuni inatazama rangi, inatoa namba na hukumu. Hakuna kulipa chochote.

"Bure?" fundi alisema. "Mwalimu, hata kaburi mtu analipia."

Lakini nani alimsikiliza? Wauzaji wetu walituacha mmoja mmoja, wengine kwa kuaga, wengine kwa kukata kona wakituona. Hilo ningelivumilia. Biashara ni biashara, mkubwa humeza mdogo, tumeona. Tungefunga mashine yetu, fundi angerudi kwenye simu zake, mimi kwenye madaftari yangu, na shangazi angebaki na neno lake kama alivyokuwa kabla yetu.

Siku moja fundi aliniita dukani. "Kaa kwanza," akasema. Alikuwa hana utani hata chembe. Akabonyeza simu ya mteja mmoja, na shangazi akasema kutoka mle ndani: "Namba elfu arobaini, mia tatu na saba. Nimeionja mpaka chini. Ya kupikia."

Hatukuwahi kufika namba ile.

"Yarabi," fundi akasema. "Wamemtia mama kwenye mashine." Akaniuliza ile karatasi ilisemaje. Nikasema wametudanganya. Neno "wametudanganya" lilinitoka laini kabisa, kama lilikuwa linangoja.

Tulikwenda Kizuka kuona kazi inavyofanywa, na huko nilichukia watu wangu mwenyewe. Walikuwa wamekwisha kugundua kwamba mashine inatazama rangi ya juu tu. Basi nyumba saba nane zilikuwa na bidoni moja nzuri, nyekundu safi, mafuta ya juzi, wanaiita bidoni ya picha. Inazunguka mtaani kama gauni la harusi la kuazima. Ikipigwa picha kwa mama huyu, inabebwa kwa mama yule. Zile zinazouzwa ziko nyuma ya nyumba, zina maji, zina mafuta ya msimu uliopita, na kila moja ina neno la shangazi. Mmoja wa wamama wale alikuwa rafiki yake wa kwaya. Nilimwuliza, huoni haya? Akaniambia, "Bambi, mwalimu, si simu ndiyo inasema? Mimi sijasema kitu."

Shangazi hakuamini mpaka aliposikia mwenyewe, na alisikia mbele ya watu. Ilikuwa mahali pa kupakia magari, karibu na soko. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Kabezi, mama mnene mwenye roho nzuri, aliyenunua kwetu tangu mwanzo. Alikuwa anapakia bidoni kumi na mbili. Shangazi akapita, akamwamkia, na kwa mazoea tu akachukua bua lake, akazamisha, akaonja. Akatema pembeni.

"Hii usiipakie," akasema. "Ina maji, na mafuta yenyewe ni ya zamani. Hata sabuni itanuka."

Mama wa Kabezi akaduwaa. Akatoa simu, akatazama namba, akabonyeza. Sauti ya shangazi ikatoka, changamfu, ile ya siku ya kitenge kipya: nimeionja mpaka chini, ya kupikia.

Nilimtazama shangazi usoni. Midomo yake ilikuwa bado ina mafuta yale mabaya. Akasema polepole, "Lakini mimi hii sijaionja. Ndiyo kwanza naionja sasa."

"Mama," yule wa Kabezi akasema, wala hakuwa anamkejeli, masikini, alikuwa anauliza kweli, "sasa nikuamini wewe, ao nikuamini wewe?"

Watu wakacheka. Mpakizi mmoja akasema labda mwenye mafuta hajamupa kitu huyu muzee, ndiyo maana leo ulimi umegeuka. Watu wakacheka tena. Shangazi, aliyeyatema mafuta ya kaka yake mwenyewe! Nilitaka kumrukia yule mtu. Shangazi alinishika mkono, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, nimekwambia. Haifai." Yule mama akamtazama, akaitazama simu, akatazama gari linalomngoja. Akapakia.

Baada ya siku nne alirudi. Hakuja sokoni, alikwenda moja kwa moja Kizuka, nyumbani. Wateja wake walikuwa wamemrudishia mafuta, na mmoja alikuwa ameyapikia maharage ya wageni wa posa. Hakutukana. Alifungua bidoni, akaimwaga yote mlangoni kwa shangazi, akasema, "Hii ni yako, mama, iko na sauti yako," akapanda pikipiki akaondoka. Nilifika jioni nikamkuta shangazi amepiga magoti, anasugua kizingiti kwa majivu na sabuni. Sisimizi walikuwa wamejaa. Harufu ile ilikaa kwenye udongo majuma mawili, na kila mgeni aliyekuja alikuwa anaruka pale mlangoni kama anaruka kinyesi.

Nilipiga simu Bujumbura. Dada wa kitambulisho alipokea, bado mpole vile vile. Alisema mfumo unaendelea kujifunza. Alisema wanampenda sana mama, wanafikiria kuweka picha yake kwenye bango kubwa barabarani, na zawadi nyingine ipo. Nikamwambia aondoe sauti ya shangazi yangu leo hii.

"Madamu," akasema, "tazama ukurasa wa tatu. Si wewe uliyemsomea?"

Nikautafuta. Nilikuwa nimeuweka kwenye bahasha ya vyeti vya shule, sijaugusa. Ukurasa wa tatu ulisema sauti ya mama huyo ni ya Kampuni, daima na popote, kwa maneno aliyoyasema na kwa maneno ambayo hakuyasema. Kifaransa chepesi kabisa. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wangeuelewa. Nilitoka nje nikatapika, na sisemi kwa mfano.

Sasa ningepaswa kwenda kwa shangazi siku ile ile. Sikwenda. Nilimwambia fundi kwamba karatasi ina maneno ya hila, mwanasheria tu ndiye angeyaona. Nilimwambia shangazi kwamba wale ni wezi. Wote wawili wakanipa pole. Fundi alifunga mashine yetu, akaishusha karatasi yenye muhuri ukutani, akaitumia kufungia vipuri. Kila alipoilaani Kampuni mimi nilimwitikia, na nilikuwa wa kwanza kupaza sauti. Naijua sauti yangu ya siku zile. Nikiikumbuka naona kichefuchefu kuliko kwa mafuta.

Kilichonivunja kilitokea darasani. Nilimwuliza mwanafunzi mmoja kama amefanya zoezi. Hakuwa amelifanya, ilionekana machoni. Akasimama, mkono kifuani, akasema, "Nimeionja mpaka chini, madamu!" Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Nikaulizia, nikaambiwa ni msemo sasa. Sokoni, bandarini kwa wavuvi, hata kanisani vijana wanausema. Mtu akiapa uongo, wanasema ameionja mpaka chini. Neno la mwanamke aliyeshinda mgawanyiko wa mtaa mzima limekuwa jina la uongo Rumonge, na aliyeligeuza ni mimi, kwa adabu zangu.

Jumamosi nilikwenda kumngoja sokoni. Alikuwa amenunua bidoni ndogo ya mafuta ya nyumbani. Alinunua kama watu wengine, bila kuonja. Bua hakuwa nalo tena. Nikambebea, tukaanza kupanda njia ya Kizuka kwa miguu. Nilingoja tupite nyumba za mwisho.

"Shangazi, ile karatasi ya wageni sikuisoma."

Hakusimama, alikuwa anatazama njia.

"Nilisoma ukurasa mmoja tu. Nyingine nilizigeuza. Nilikwambia uongo."

"Najua," akasema.

Nikafikiri hakunisikia vizuri. Nikaanza tena, akaniinulia kiganja.

"Nimesema najua. Nilijua siku ile ile. Mtu anayesoma macho yake yanatembea, yako yalikuwa yamesimama. Mimi sijui Kifaransa, lakini kuangalia mtu najua."

"Sasa kwa nini uliandika jina?"

Tulikuwa tumefika kwenye mteremko mdogo. Alinishika begani, goti lake lilikuwa linamsumbua.

"Ningekwambia usome tena, wale wageni wangejua mwalimu wetu amedanganya. Ungeaibika mbele yao, nyumbani kwangu, chakula changu kiko mezani." Tukashuka mteremko, mkono wake ukiwa bado begani kwangu. "Mafuta ya baba yako niliyatema. Baba yako, aliyenibeba mgongoni tukikimbia. Ya kwako, mwanangu, niliyaonja, nikajua yamechacha, nikameza."

Nilitaka anipige, anitukane, anifukuze, chochote. Aliniuliza kama bidoni ni nzito, nikasema hapana.

Tulifika kwake. Akavua viatu, akavuka kizingiti, akaingia ndani kuwasha moto, nami nikabaki pale nje nimeshika mafuta ambayo hakuna aliyeyaonja.